Mkono Usiosaidia

Maabarani kwetu sifa kubwa ya mtu ni kuweza kuufisha mkono wake. Najua jambo hili linavyosikika. Mama yangu nilipomweleza mara ya kwanza aliniuliza, "Na unalipwa mshahara kwa hilo?" Nikamwambia ndiyo, kwa hilo na kwa kufuta vumbi.

Tunatengeneza glavu. Tuko chuoni, juu ya kilima, upepo wa Dodoma unapiga madirisha mchana kutwa, na sisi tuko ndani na mipira yetu laini, tunawatengenezea glavu watu waliopigwa na kiharusi wakabaki na mikono isiyofunguka. Ndani ya kila kidole cha glavu mna vijumba vya hewa. Pampu ndogo ikisukuma hewa, vijumba vinavimba, kidole cha glavu kinanyooka, na kidole cha mtu kilichomo ndani kinanyooka nacho. Hakuna chuma kinachogusa ngozi. Wageni wakisikia ni maabara ya roboti huja wakitegemea kuona kitu chenye macho na miguu. Wakionyeshwa glavu wanaitikia kwa adabu, kisha wanachungulia nyuma ya mlango kama kuna kingine.

Tuko wachache. Profesa wetu ni mwanamke wa makamo asiyependa kelele wala sukari kwenye chai. Yupo kijana mhandisi, mtoto wa Majengo, ambaye kwao wanauza mahindi na uwele sokoni. Yeye ndiye anayechanganya mpira ukiwa bado uji, anaumimina kwenye kalibu, halafu anaomba umeme usikatike kabla mashine haijafyonza mapovu. Yupo mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayetoka hospitali kuja kwetu mara moja kwa wiki, wagonjwa wakimruhusu. Na mimi, fundi wa majaribio. Kila glavu kabla ya kumgusa mgonjwa huvaliwa na mimi.

Ukutani juu ya meza ya majaribio pamebandikwa karatasi yenye neno moja: USISAIDIE. Niliikuta. Nilielezwa kwamba glavu ya kwanza kabisa ilifanya kazi vizuri mno. Kila aliyeivaa vidole vilifunguka, wakapeana mikono ya pongezi, mpaka siku Profesa alipogundua kwamba vilifunguka hata pampu ikiwa imezimwa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Walitaka sana glavu yao ifanikiwe, basi mikono yao ikawa inaisaidia bila wao kujua. Tangu siku hiyo ikawa sheria: anayejaribu glavu aufishe mkono kwanza, na mwenzake aunyanyue na kuuachia, kuhakikisha hauna mtu ndani.

Mwanzoni sikuweza. Mkono wangu ulikuwa na kiherehere. Kijana akiunyanyua na kuuachia, ulikuwa unabaki hewani kidogo, unafikiri, ndipo unashuka. "Dada, mbona mkono wako una maoni?" alikuwa ananitania. Profesa alikuwa anatikisa kichwa na kwenda zake.

Kisha baba alifariki. Nilikwenda nyumbani Kondoa, nikapika, nikapokea wageni, nikaonyesha watu pa kulala, nikatafuta sufuria za jirani na kuzirudisha zikiwa zimesuguliwa. Sikulia. Shangazi zangu walinisifu kwamba nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Mtu anayejikaza anazuia kitu, na mimi sikuwa na cha kuzuia. Nilikuwa nasubiri kije, kama unavyosubiri maji ya bomba siku ya mgao, na bomba likawa linatoa upepo tu.

Niliporudi kazini niliketi kwenye meza ya majaribio, nikaulaza mkono, kijana akaunyanyua akauachia. Ulianguka mezani kama kipande cha nyama buchani. Akaunyanyua tena, ukaanguka tena. "Dada, leo umetisha," alisema. Profesa akaja, akaujaribu mwenyewe, akasema, "Huu ndio mkono." Tangu siku ile glavu zote zilipimwa kwa mkono wangu: nguvu ya hewa, kasi yake, unene wa mpira. Zilikuwa zinafunguka kwa raha hata wageni wakapiga picha, ingawa hakuna mgonjwa aliyekuwa amevishwa bado. Mimi nilikuwa nautazama mkono wangu ukinyooshwa na kukunjwa, nafikiria mboga ya jioni.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, mama naye alianguka. Alikuwa anapepeta uwele wa akiba uani, akaona ungo unamtoka mkononi. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa, akatoka, akaletwa kwangu Miyuji, hapa Dodoma. Mguu ulimrudia kiasi, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Kauli ilirudi yote, na ukali wake wote. Mkono wa kulia ndio uliobaki ngumi.

Kila jioni nilikuwa naufungua kidole kimoja kimoja, nauosha kwa maji ya vuguvugu, naukausha na kukata kucha kabla hazijachimba kiganja. Nikimaliza unajifunga tena. Nilikuwa natoka kwenye nyumba yenye mkono usiofunguka kwenda kazini kufungua mkono wangu mzima. Mganga hajigangi, wanasema, na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo nikiulizwa, na watu wanaridhika.

Kilichomuuma mama hakikuwa kulishwa wala kuvishwa. Ilikuwa dua. Baada ya swala aliinua mikono, kushoto kiganja, kulia ngumi. Jioni moja aliniambia, "Naona kama namwomba Mungu huku namtishia." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwamba watoto wote watakapokutana Kondoa baada ya mavuno, kumsomea baba hitma, anataka kuinua viganja viwili. "Siwezi kumwombea mume wangu kwa ngumi," alisema. "Wewe si ndiyo kazi yako hiyo?"

Nikaenda kwa Profesa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sheria za utafiti haziruhusu kumwingiza ndugu wa mtumishi, kwa hiyo matokeo ya mama hayatahesabiwa popote. "Lakini mlete," akasema. "Mkono ni mkono."

Nilimleta kwa bajaji. Alivaa baibui lake jipya. Kijana alimpa shikamoo, akamvutia kiti, akamfutia vumbi. Mama akasoma ile karatasi ya ukutani kwa sauti, akageuka. "Usisaidie? Na ninyi mnasema mnasaidia wagonjwa?" Kijana akamweleza habari ya mikono yenye kiherehere, na mama akasema huyo atakuwa binti yake, hata utotoni alikuwa anamalizia watu sentensi.

Tukamvisha glavu. Ilituchukua muda, ngumi ile ilikuwa haitaki kupokea kitu. Nikawasha pampu. Hewa ikaenda. Vidole havikwenda. Mpira ukavimba kwenye maungio, kifundo cha mkono kikapinda kwa ndani, na ngumi badala ya kufunguka ikazidi kukaza mpaka mama akafumba macho. Kisha kijumba kimoja kikapasuka na kutoa mlio wa aibu. Mama peke yake ndiye aliyecheka. "Imeshaanza au bado?" aliuliza.

Tulimwita mtaalamu wa mazoezi. Alipofika aliushika mkono wa mama, akauvuta ghafla, ukakaza. Akauvuta tena polepole sana, akakaa nao, akakaa, na mkono ukalegea kidogo. "Mlijaribia kwa mkono wa nani?" aliuliza. Wote wakanitazama mimi.

Hakuna alichotuambia tusichokijua. Mkono wa kiharusi kama ule wa mama haujafa. Umekaza, na ukiushtua unakataa zaidi. Profesa alikuwa ameyaandika hayo mwenyewe, na sote tuliyasoma. Lakini hofu ya kujidanganya ilikuwa imetushika sana, tukashindania nani ana mkono uliokufa kuliko wote, tukasahau kwamba wagonjwa tunaowatengenezea hawana mkono kama huo. Glavu yetu ilikuwa bingwa wa kufungua mkono wangu mimi.

Profesa hakumlaumu mtu. Alisema tuanze upya na mkono unaokataa. Kwa mazoea nikaketi mimi. "Kaza, dada! Kataa!" kijana alikuwa ananiambia. Nilikunja ngumi. Hewa ilipokuja, ngumi ikafunguka yenyewe. Nikakunja tena, ikafunguka tena. Nilitaka kukataa na sikuona pa kuanzia. Mwishowe Profesa akaniambia kwa upole niinuke, akamkalisha kijana, ambaye aligombana na ile glavu kama anagombania gunia sokoni, jasho likamtoka. Mimi nikapewa kazi ya kushika pampu.

Tulipunguza kasi ya hewa mpaka glavu ikawa inachukua muda kama wa kuchemsha chai. "Haraka haraka haina baraka," kijana alikuwa anasema kila tukisubiri, mpaka Profesa akamkataza. Nilipewa glavu moja niende nayo nyumbani. Nikamvisha mama, nikawasha, tukakaa kwenye mkeka kusubiri. Kidole gumba kilitoka kwanza. Kisha vingine, kwa kusitasita, kama watoto wanaoitwa kusalimia wageni. Mama alipindua mkono. Glavu zetu upande wa kiganja ziko wazi, akakitazama kiganja chake, kimekunjamana, cheupe cha kukosa hewa. "Kumbe bado upo," aliuambia.

Alinitazama kuona kama nimefurahi. Nilimwambia vizuri, mama. Nikaenda kuleta maji ya kumwosha.

Kondoa tulifika siku moja kabla ya hitma. Siku yenyewe wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake ndani kwenye mikeka, na sauti ya ustadhi ikawa inatufikia kupitia dirishani. Mama alikaa katikati, mimi ubavuni pake, pampu nimeifunga kwenye kanga isisumbue watu. Shangazi mmoja alikuwa anaitupia jicho kila ikinguruma. Kisomo kilikuwa kirefu, na nilijiambia sitaiwasha mapema, mkono usije ukachoka ukajifunga kabla ya dua. Ustadhi alipoanza dua nikawasha.

Dua ikawa fupi. Pilau ilikuwa imeshaiva na harufu imefika turubaini, sidhani kama kuna sababu nyingine. Tukaitikia amina, tukaitikia amina, kisha wakapangusa nyuso na kuanza kuinuka kupakua. Gumba la mama lilikuwa limetoka. Vidole vingine vilikuwa katikati ya safari.

"Mama," nilimnong'oneza, "imekwisha."

"Kwao imekwisha," alisema.

Hakuinuka. Mashangazi waliokuwa wamesimama wakaona hainuki, wakasimama hivyo hivyo na sahani zao. Mmoja akaketi tena. Pampu ikanguruma. Kidole cha mwisho kiliponyooka, mama aliinua mikono yote miwili mpaka usawa wa kifua, na akamwombea baba kwa Kirangi, lugha ya kwetu. Baada ya kumwombea akampa habari. Alimwambia uwele ulikuwa mzuri, kwamba ukuta wa nyuma ulianguka na umejengwa, kwamba yeye alianguka pia. Alimwambia kwamba mimi ndiye ninayemwosha mkono. Kisha akapangusa uso kwa viganja viwili, vidole vya mpira na vidole vya ngozi, akageuka kunitazama.

Mikono yangu ilikuwa mapajani, viganja juu, vidole vimelegea. Ndivyo ninavyoilaza kazini. Nikatambua kwamba ilikuwa hivyo tangu dua inaanza. Nilikuwa nimeitikia amina zote za baba yangu bila kuinyanyua.

"Yako je?" mama aliuliza.

 Alinishika kifundo kwa mkono wake wa kushoto, akaunyanyua mkono wangu, akauachia. Ulianguka pajani. Maabarani tungefurahi. Mama hakufurahi. Alipitisha chini yake mkono wake wa kulia, ule wenye glavu, vidole vikiwa vimenyooka bado, akajaribu kuubeba. Akasukuma kwa bega. Wangu ukapanda kidogo, ukakwama.

"Mzito huu," alisema. "Saidia basi, mwanangu. Peke yangu siwezi."

Nikasaidia. Ulikuwa mzito kweli. Nilipoufikisha juu nikafungua mdomo kumwombea baba, yakatoka machozi.