Birika la Makambini

Mpaka leo nikikutana na muumini wa Oyugis najifanya nasoma simu, kwa sababu kanisa zima lilinisikia nikibishana na mama wa watu kuhusu maji ya uvuguvugu, tena katikati ya mahubiri, na mwenye makosa nilikuwa mimi.

Waya wangu (ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo) alikuwa amenunua gari kuukuu akaliwekea kitanda, friji ndogo na betri kubwa, ili alikodishe kwa wageni wanaokwenda kulala mbugani Ruma, na mimi niliyemaliza chuo nikabaki nyumbani nikiwaza, aliniahidi kazi ya kulisimamia iwapo ningefanya vizuri makambini. Makambi ni ule mkutano wetu Waadventista, mahubiri wiki nzima chini ya turubai. Sabato ile stima ilipotea, kwa hiyo spika zote zikawa zinategemea inveta ya gari letu, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi. Mwisho wake wati elfu moja. Nilijumlisha spika na friji, nikajumlisha tena (nikaingiwa na shaka, nikajumlisha upya): mia mbili tu. Salama.

Ndipo Mama Atieno wa jikoni akaja na birika la umeme chini ya leso.

"Mwanangu, mhubiri koo imekauka. Nipashie maji kidogo."

"Mama, hilo linakula wati elfu moja mia tano."

"Hiyo ni ya kuchemsha. Leo Sabato, nani anachemsha? Pasha tu!"

Wazo hilo lilinivutia kuliko nilivyotarajia. Chakula chetu hupikwa Ijumaa, Sabato tunapasha, na kupasha ni kama nusu ya kupika, kwa hiyo nusu ya elfu moja mia tano ni mia saba hamsini, ongeza zile mia mbili, bado elfu hatujafika. Nikachomeka.

Inveta ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, kisha ikazima. Mhubiri alikuwa amefika kwenye "Na sauti ikasema," spika zikafa, na katika ukimya ule sauti iliyosikika ilitoka dirishani kwa gari:

"Mama, si umesema tunapasha tu, hatupiki?"

"Nani anapika Sabato?" mzee mmoja wa kanisa akauliza, na kwaya nzima ikainamia magoti kwa kicheko. Mama Atieno alikuwa ameshayeyuka na leso yake.

Aibu niliibeba, lakini swali la kwa nini kupasha tu kulizima inveta lilinisumbua zaidi. Jua lilipotua na stima kurudi, nilichomeka birika lile nyumbani kwa waya, nikachuchumaa mbele ya mita ya tokeni kutazama kale kataa kadogo kekundu kanakopepesa mbio kadiri umeme unavyotumika. Maji baridi, kanapepesa mbio. Maji ya uvuguvugu, mbio zile zile. Yakikaribia kuchemka, zile zile!

"Kwa hiyo halijui kupasha?" Waya alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Halijui, waya. Linavuta yote tangu unapochomeka. Kupasha ni kulizima mapema tu."

Akatabasamu, akatoa ufunguo wa gari. "Wageni wa Ruma wakija na birika lao, utawaambia nini?"

"Hapana."

"Na wakikuomba vizuri?"

Nikaanza kuwaza kwa sauti: inategemea, labda kuna mgonjwa, labda ni mama mzee...

Akaurudisha ufunguo mkobani. Siku hizi nafanya mazoezi ya kusema hapana mbele ya kioo, na nikimaliza nakiomba msamaha.