Redio ya Dada Iliyogoma Kuhama

Dada yangu mkubwa amenizidi miaka saba, na kwa mwaka mmoja na miezi miwili hakuitikia shikamoo yangu. Sababu naijua, maana niliitengeneza mwenyewe.

Binti yake wa mwisho alikuwa anaagwa, sherehe ile tunayoiita sendofu, huko kwao ng'ambo ya ziwa, juu ya mwalo wa Kamanga wanaposhushia samaki. Wajomba wengine wote walikwisha kufa, nikabaki mimi. Kazi ya mjomba siku hiyo si kubwa: unasimama, unamshika binti mkono, unasema maneno machache, unamkabidhi. Nilikuwa nimeandika hotuba yangu kwenye karatasi ya daftari, nikaikunja na kuitia mfuko wa koti. Nilifika gatini Mwanza mapema kabisa, saa moja kabla ya kivuko.

Lakini siku hiyo kulikuwa na mechi, na pale gatini palikuwa na muuza maji mwenye redio nzuri. Kivuko cha kwanza kiliondoka wakati wa mapumziko, nikasema nitapanda kinachofuata. Kinachofuata kiliondoka wakati tunapiga kona. Simu ilitetemeka mfukoni mara kadhaa, nikaitazama, nikairudisha. Nilipofika kwa dada, vijana walikuwa wanapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine. Aliyesimama mahali pangu ni jirani muuza nyavu, na alimkabidhi binti huku akimwita kimakosa jina la dada yake mkubwa. Timu yangu nayo ilifungwa.

"Shikamoo dada," nilisema.

Dada akamgeukia mwanamke aliyekuwa karibu naye, akamuuliza, "Masahani yametimia?"

Baada ya hapo nilipiga simu, wiki baada ya wiki. Kila mara alipokea mjukuu. "Bibi anasema yuko shambani," naambiwa, na huku namsikia bibi mwenyewe akikohoa.

Iliyotufungulia njia ni redio. Ipo kampuni moja hapa mjini yenye redio tatu ndani ya jengo moja: moja ya habari na mpira, moja ya vijana, na moja ambayo sisi wazee tunaiita ya kwetu, yenye taarabu, muziki wa dansi wa zamani, na salamu kila siku saa kumi jioni. Unanunua kadi ya salamu dukani, unaandika majina, unaipeleka, mtangazaji anaisoma. Dada alikuwa bingwa wa kadi hizo. Ijumaa moja nipo kwenye benchi la kahawa mtaani kwetu, Mirongo, nikasikia kadi yake ikisomwa. Aliwasalimu watu wa Sengerema, wa Magu, wa Ukerewe, kisha: "Na ndugu zangu wote wa Mirongo, isipokuwa mmoja, anajijua."

Mtangazaji alicheka. "Haya, wewe mmoja, umesikia."

Benchi zima likanigeukia.

"Ni wewe," alisema muuza kahawa.

"Mirongo ina watu wengi."

"Wenye dada Kamanga, waliotoroka sendofu kwa ajili ya mpira? Wangapi?"

Nikanunua kadi. Niliandika: salamu kwa dada yangu wa Kamanga, kutoka kwa yule mmoja. Wiki iliyofuata naye akaandika kwamba amesikia kuna mtu anapiga kelele upande wa pili wa ziwa. Tukaendelea hivyo kwa miezi, mtangazaji akawa anatungoja kama anavyongoja matokeo ya ligi. Mwisho kadi ikaja: "Yule mmoja aje achukue mihogo yake, inaharibika." Nikavuka kesho yake asubuhi.

Nilipomwamkia alisema, "Karibu." Si marahaba. Niliisikia tofauti hiyo, lakini nikajifanya karibu inatosha. Tulikunywa chai, tukazungumzia mvua. Akalalamika kwamba wajukuu wanachezea redio yake, na macho yake hayaoni tena zile namba ndogo, kwa hiyo kila siku anahangaika kuipata stesheni. Pale nikaona nafasi yangu ya kuwa mtu wa maana. Nilikuwa na kichupa cha supaglu nilichokuwa nimenunua kwa ajili ya miwani yangu. Niliweka mshale sawasawa kwenye namba, nikadondosha matone mawili kwenye kigurudumu cha kutafutia stesheni, nikapuliza mpaka yakakauka.

"Hapa haitoki tena," nilimwambia.

"Una uhakika?"

"Asilimia mia."

Ningeweza kusema nisamehe dada, mchana ule ule, kikombe kikiwa mkononi. Niligundisha redio, nikaona nimemaliza, nikarudi mjini na gunia la mihogo.

Miezi kama miwili baadaye kampuni ikatangaza kwamba inapanga upya masafa yake. Redio ya vijana ilikuwa haisikiki vizuri ng'ambo ya ziwa, basi wakaipa namba yetu, na ya kwetu wakaihamishia juu zaidi. Wiki tatu nzima walituimbia: redio yako inahama, hama nayo.

"Wametuhamisha kama wapangaji," alisema muuza kahawa. "Hata notisi ya miezi mitatu hawakutoa."

Mimi nikawa fundi wa mtaa. Niliandika namba mpya kwa chaki kwenye ukuta wa duka la karibu na benchi. Nilipita nyumba za wazee nikiwasogezea mshale, wengine wakinipa kahawa, wengine ubuyu. Nilimpigia shemeji yangu wa Magu nikamwelekeza kwa simu, robo saa nzima, mpaka akaipata. Niliwahamisha watu wote ninaowajua, na yule niliyemgundisha kwa mikono yangu mwenyewe hakunijia akilini hata mara moja.

Kadi za dada zikakoma. Zangu zilisomwa, zake hazikuja. Wiki ya kwanza nikadhani anaumwa, nikauliza kwa watu wa kivuko, wakasema wamemwona sokoni anabishana bei ya dagaa. Wiki ya nne nikaanza kukasirika. Baada ya miezi mitatu niliandika kadi ambayo mpaka leo naionea aibu: "Anayependa kununa, aendelee kununa." Ikasomwa. Benchi halikucheka.

Siku iliyofuata nikavaa koti, nikapanda kivuko kwenda kudai haki yangu.

Nilisikia muziki kabla sijafika uani. Ule wa vijana, wenye ngoma za kupasua kifua. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchele, na kichwa chake kinafuata mapigo.

"Shikamoo dada."

"Umekuja."

"Siku hizi salamu zetu husikilizi," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Mimi nakusalimu kila wiki. Wewe kimya."

Aliweka ungo chini, akachukua redio dirishani, akaja kuniwekea mapajani.

"Niwekee hizo salamu."

Nikashika kigurudumu nikazungusha. Hakikuzunguka. Nikakaza vidole. Ndipo nilipoyaona matone yangu mawili, yamekauka, yanang'aa kama kamasi.

"Tangazo nililisikia vizuri," alisema dada. "Wakasema sogeza mshale. Nikasogeza kwa mkono. Nikasogeza kwa kitambaa. Nikasogeza kwa kisu cha samaki."

"Mbona hukunipigia?"

"Nikupigie tena?" Alirudi kwenye kigoda chake. "Siku ya sendofu nilikupigia mara sita. Nikasema safari hii sikumbushi mtu. Nione mwenyewe atachukua muda gani."

Nilimwambia nitamletea redio mpya kesho.

"Hii ina ubaya gani? Nimeizoea. Huyu kijana wa saa tisa ana adabu kuliko nyinyi wazee wa salamu." Akachambua kidogo, kisha akasema bila kuniangalia, "Na mpwa wako anaisikiliza huko saluni kwake Sengerema, kutwa nzima. Saa tisa wanapokea simu. Ile hotuba yako unayo, au hukuwa nayo hata siku ile?"

Nina koti moja tu. Niliingiza mkono mfukoni nikatoa karatasi ya daftari, imelainika kwenye mikunjo. Dada alifuta mikono, akaipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Nadhani hakusoma neno hata moja, lakini aliuona mwandiko wangu umejaa kurasa mbili.

"Kumbe uliandika," alisema.

Saa tisa nikapiga. Mara ya nne ikaita.

"Uko hewani, nani mwenzangu?" Kijana alikuwa na sauti ya mtu anayeongea huku anatembea.

"Ni mzee, kutoka Mirongo."

"Shikamoo mzee wangu. Wimbo gani, na unampa nani?"

"Marahaba. Sina wimbo. Nina hotuba ya sendofu."

Akauliza, "Sendofu ni lini, mzee?"

"Ilishapita. Nilichelewa."

"Umechelewa kama saa ngapi hivi?"

"Mwaka mmoja na miezi miwili."

Nilimsikia akiwacheka wenzake, au wenzake wakimcheka yeye. "Mzee, hiyo rekodi. Nakupa dakika moja. Ila punguza sauti ya redio, inapiga kelele huku."

Dada akaichukua redio akaingia nayo jikoni na kurudishia mlango. Nilibaki uani na simu na karatasi. Mstari wa kwanza ulisema, ndugu wageni waalikwa, na pale palikuwa na kuku wawili. Nikairudisha mfukoni.

"Shikamoo dada," nilisema kwenye simu. "Siku ile sikukosa kivuko. Niliviacha viwili viondoke kwa ajili ya mpira. Simu zako niliziona zote sita. Mpwa wangu, mjomba wako ni mimi, na siku yako nilikuacha ukabidhiwe na muuza nyavu. Sina kisingizio. Nisameheni."

Kijana hakutania tena. Alisema, "Dah, mzee," kisha akaweka wimbo wa harusi.

Redio ile hurusha simu kwa kuchelewa, karibu dakika nzima. Nilipokwisha kukata ndipo nilipojisikia mwenyewe kutoka jikoni, sauti ya kizee inayotetemeka, ikisema shikamoo dada. Na dada yangu, akiwa peke yake mle ndani na redio yake, akaitikia, "Marahaba."

Nilimsikia. Nikakaa kwenye kigoda chake nikaendelea na mchele, maana sikujua nifanye nini na mikono. Kabla wimbo haujaisha mpwa wangu alikuwa amepiga, analia na kucheka pamoja, na nyuma yake mashine za kukaushia nywele zinavuma na wateja wanauliza mjomba huyo yuko wapi wamwone.

Kigurudumu kimebaki vilevile. Nilipeleka koleo mara moja, dada akalificha. Siku hizi kadi hatuandiki. Anatuma ujumbe kwa simu kwa yule kijana wa saa tisa, anamsalimu kaka mtu wa Mirongo, na kila mara anaongeza kuuliza kama kuna mechi leo. Kwa hiyo saa tisa narudisha mshale kwenye namba yetu ya zamani, pale kwenye benchi la kahawa, na wazee wenzangu wanaziba masikio.

"Tulishahama huku," muuza kahawa hunikumbusha.

Nawaambia wavumilie saa moja tu. Dada yangu hawezi kuhama, na kosa ni langu.