Sauti ya Pili ya Adelina

Aliyeamuru madaftari kumi na moja ya kwaya yetu yatupwe ni Katibu wa Kamati ya Ibada ya kanisa letu, hapa Mji Mkongwe. Hayakuharibiwa na mvua wala mchwa. Naanza na hilo ili vijana watakaosoma kumbukumbu hizi wasije wakaambiwa kwamba yalipotea yenyewe.

Siku yangu ya kwanza kwenye kinanda nilikuwa karani mpya wa masjala serikalini. Nilitoka ofisini, nikapita nyumbani kubadili shati, nikafika kanisani. Kinanda kilikuwa cha miguu: mpigaji hukanyaga vibao viwili ili hewa ijae ndani, na akisahau kukanyaga, wimbo hukata roho. Nilisahau mara tatu.

"Bwana karani," alisema Mwalimu Mkuu wa Kwaya, akinitazama juu ya miwani, "hii si barua ya serikali. Huwezi kuiacha kwenye trei mpaka kesho."

Kwaya nzima ikacheka. Punde adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikiti wa ng'ambo ya kichochoro. Mwalimu Mkuu akainua mkono, wote wakanyamaza, isipokuwa mimi niliyeendelea kukanyaga vibao.

"Shusha miguu," alininong'oneza. "Jirani anaitwa kwenye sala. Kwani wewe ulikuja hapa kufanya nini?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mazoezi yetu ya jioni. Kabla ya adhana tulijifunza beti, ambazo huimbwa kwa sauti moja. Baada yake, kiitikio cha sauti nne. Kila kitu kiliandikwa daftarini kwa nota za sol-fa, yaani herufi d, r, m na nyinginezo, zinazomwonyesha mwimbaji apande au ashuke.

Baadaye nilipelekwa Mtoni kufundisha kwaya ndogo, kisha nikarudishwa mjini kushika nafasi ya Mwalimu Mkuu alipostaafu. Watu hudhani nyimbo hutungwa kwa kupiga magoti. Zangu nyingi nilizitunga nikipanga majalada, na wimbo wa shukrani, ulio bora kuliko zote, ulikamilika jikoni kwetu. Mke wangu Adelina alikuwa akichagua mchele.

"Hapo kwenye kiitikio sauti yako inapanda peke yake kama mjane," alisema. "Ipe mwenzake."

Akaimba sauti ya pili bila kuinua macho kwenye ungo. Niliiandika kama alivyoiimba, sikubadili nota hata moja. Aliiimba kanisani mpaka maradhi yalipomzuia. Tulipomzika sikuweza kupiga kinanda, na miaka mingi sikuthubutu kulifungua daftari lile. Nilijua limo katika kabati la kwaya, na hilo lilinitosha.

Nilipostaafu nilikabidhi ufunguo wa kabati kwa Katibu. Kosa langu nalo liandikwe: masjala sikuwahi kuruhusu jalada litoke bila nakala, lakini kanisani sikunakili hata ukurasa. Niliamini mahali patakatifu hapahitaji nakala.

Mwaka huu, nikiona nguvu zinaniishia, niliomba daftari la wimbo ule. Katibu alinionyesha kompyuta.

"Maneno yote yamo, Mzee, tena ibadani tunayamulika ukutani, kila mtu anasoma."

"Na nota?"

"Zile herufi? Aah, Mzee wangu! Hakuna anayezisoma siku hizi. Kinanda kipya kina milio ya kila namna."

"Madaftari yako wapi?"

"Yalikwenda na gari la taka. Yalikuwa yananuka, Mzee."

Mimi mwenyewe sauti ya pili imenitoka kichwani, na waimbaji wa zamani wamefariki au wamehamia bara. Nilimwendea Bi Mwanajuma, jirani ambaye dirisha lake linatazama kanisa, na ambaye alizoea kututania kwamba sauti ya nne inakoroma. Aliniimbia beti zote tatu bila kukosea. Nikamwomba kiitikio.

"Hicho sikijui, Mwalimu. Ikishaadhiniwa mie nnakwenda kusali, kisha nnaingia jikoni, kule uwani. Nyie mkianza tena, mie sipo; na Jumapili asubuhi nipo sokoni."

Nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Nimejaribu kusali tangu siku hiyo. Nafika penye shukrani, nasikia sauti ya kwanza ikipanda peke yake, nanyamaza. Sijui kama Mungu anaisubiri sauti ya pili au naye amekwishaondoka.

Nimeandika barua mbili kwa Kamati, hazikujibiwa. Kwa hiyo namtaka Katibu aeleze kwa maandishi, na maelezo yasomwe mbele ya waumini wote: nani alimpa mamlaka ya kuyatupa, yalipelekwa jaa gani, na ni nani katika Kamati aliyeyafungua kabla ya kuyahukumu. Na akidai tena kwamba hakuna kilichopotea, basi asimame Jumapili kando ya kinanda chake kipya, nami nikiwa nimeketi mstari wa mbele, aimbe sauti ya pili ya kiitikio.