Mwajiri Aliyesema Hanijui

Simu ndiyo iliyonizeesha mwaka ule. Anayetafuta kazi Nairobi haiachi simu mbali. Mimi niliingia nayo bafuni, nikaiweka juu ya kifuniko cha ndoo, nikaoga nikiwa nimeikodolea macho. Nambari nisiyoijua ikiingia, naipokea na povu sikioni. Isipoingia, naizima na kuiwasha nione kama ni nzima.

Nilikuwa nimesaga lami nikitafuta kazi tangu nimalize chuo, na mama yangu mzazi, niliyekuwa nikiishi naye Riruta, alikuwa amechoka kunionea huruma. Akanipeleka mjini kwa wakala anayewapeleka wasichana Ghuba, Uarabuni, kufanya kazi za nyumbani. Nikapimwa damu, nikapigwa picha, pasipoti ikatoka. Wakala akasema ndege ni mwisho wa mwezi. Kwenye ploti yetu ya kupanga kulikuwa na jirani aliyerudi kutoka huko akiwa hawezi kunyoosha mkono mmoja, na hakutaka kuulizwa kitu. Nikimwona anaanika nguo kwa ule mkono mzima, naingia ndani nafunga mlango. Niliogopa. Wengine husema walikuwa na wasiwasi. Wasiwasi gani? Mimi niliogopa mpaka chakula kikanishinda.

Basi ilikuwa nipate kazi kabla ya mwisho wa mwezi, ama niende.

CV yangu ya kwanza iliandikwa na jamaa wa saiba moja, duka la kompyuta la ghorofani, River Road. Hakuniuliza hata swali. Alinipa hobi za kusoma na kusafiri. Nimesafiri wapi, mimi wa Riruta hadi mjini na kurudi? Lakini ilikuwa imepigwa chapa vizuri, nikaamini. Hadi siku moja nimekaa kwenye benchi la intavyu nikachungulia karatasi ya msichana wa kando yangu. Naye alikuwa mchapakazi anayejituma bila kusimamiwa. Wa upande wa pili pia. Benchi zima tulikuwa wachapakazi tusiosimamiwa, na sote tulikuwa tumetungwa na jamaa yuleyule. Nilicheka, halafu nikashikwa na baridi, maana nilikuwa nimeisambaza ile karatasi kila ofisi iliyokuwa na mlango.

Nikampelekea binamu yangu, ambaye alikuwa karani katika ofisi inayotafutia makampuni wafanyakazi. Akaisoma kwa muda wa mtu kupenga kamasi.

"Sasa hapa wewe uko wapi?" akaniuliza. "Naona shule, naona kanisa, naona hobi. Wewe sikuoni. Hizi karatasi zinakuja rundo, mtu anaangalia ukurasa wa kwanza tu, tena juujuu. Umewahi kufanya nini na mikono yako?"

"Saluni tu."

"Hiyo tu ndiyo nataka. Saluni gani?"

Nikamweleza. Tangu nikiwa chuoni nilikuwa nikifanya kazi kwenye saluni moja ya Kenyatta Market. Mwenyewe ni mama wa Kiislamu kutoka pwani, kila mtu pale humwita Anti. Kusuka kulinishinda, vidole vyangu ni vizito kama ndizi, kwa hivyo Anti alinipa simu. Mimi ndiye niliyepokea wateja, nikawapangia saa, nikawatuliza waliochelewa. Desemba ikifika, Nairobi nzima inataka kwenda mashambani na kichwa kipya, na watu hugombania kiti kama maji ya bomba. Kwetu hawakugombana. Nilijua nani atachukua mchana kutwa na nani atachomekwa katikati.

"Iandike hivyohivyo," binamu akasema. "Iweke juu kabisa. Toa huo uchapakazi. Na hawa watu watatu wa kuulizwa habari zako, toa mwalimu wa chuo, hakukumbuki. Toa pasta, pasta husifu kila mtu. Muweke Anti awe wa kwanza."

Niliona haya. Nimesoma miaka yote hiyo nikajisifie saluni? Lakini niliandika, na haikupita wiki mbili kliniki moja ya meno ya Spring Valley ikaniita. Walitaka mtu wa mapokezi. Mama aliyehusika na kuajiri alisoma ile habari ya Desemba akacheka, akaniuliza nilifanyaje. Nikamwambia. Nilitoka pale nimejaa matumaini, na matumaini, nawaambia, ni mabaya kuliko njaa.

"Tutawapigia watu wako," alikuwa amesema.

Nikamwambia Anti mapema. Nilimkuta akimpaka mteja hina, akanijibu bila kuinua kichwa. "Inshallah mwanangu. Nitakusifu mpaka wenyewe waone haya."

Siku ya siku nilikuwa mjini kwenye korido ya wakala, nimeitwa nikatie sahihi mkataba wa Ghuba. Wasichana walikuwa wamejipanga ukutani. Mbele yangu walikuwa wamebaki wachache wakati simu ilipolia. Yule mama wa kliniki.

"Tumempigia mwajiri wako wa kwanza," akasema. "Anasema hakujui. Anasema hajawahi kuajiri mtu maishani mwake."

Nikatoka kwenye foleni, simu sikioni, naye akaendelea.

"Kwetu hiyo ni CV ya uongo. Nimekupigia kwa sababu nilikupenda. Jioni nampa daktari jina la mtu mwingine."

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi za kwa wakala. Nakumbuka moshi wa nyama choma wa Kenyatta Market umenijaa machoni, na wasusi wananivuta mikono, "kuja nikusuke, siz, kuja hapa kwangu," nami nawasukuma. Anti alikuwa ameshika kichwa cha mteja. Aliponiona alikiacha, akanivuta nyuma ya pazia.

"Afadhali umekuja mwenyewe," akaninong'oneza. "Kuna mtu kapiga anakutafuta. Sauti ya kiserikali, kliniki hakuitaja. Ati nilikuajiri lini, kwa mkataba au kibarua, nina makaratasi gani. Mie nikamwambia huyo simjui, sijapata hata kumwona, wala sijaajiri mtu maishani. Nikazima simu kabisa. Usijali, mwanangu, hawakupati."

Alikuwa na fahari usoni. Alikuwa ameniokoa.

Nilitaka kuipindua draya ya kukaushia nywele. Wallahi nilitaka, na mimi si Mwislamu. "Anti," nikamwambia, "umeniua. Hao ndio watu wa kliniki."

Akakaa kwenye ndoo. Pole pole akanieleza. Wiki ile kanjo, askari wa kaunti, walikuwa wakizunguka soko pamoja na watu wengine wasiovaa sare, wakiuliza kila kibanda kina wafanyakazi wangapi na wamesajiliwa wapi. Mwenye kibanda cha pili alikuwa amefungiwa. Na yeye Anti, siku ya kuchukua leseni, alikuwa amewaambia kaunti kwamba anafanya kazi peke yake. Karibu kila mtu pale alikuwa amesema hivyo. Mteja mmoja husukwa na hata watu wanne kwa pamoja, lakini kwa kaunti kila mmoja yuko peke yake na Mungu wake.

Nikapiga simu ya kliniki, nikampa Anti azungumze. Yule mama alimsikiliza, kisha akasema kwa upole kwamba mtu yeyote anaweza kupewa simu akajiita mwenye saluni. Kama ni kweli, aje ofisini, na leseni yake.

Anti akanirudishia simu. Akaitazama leseni iliyotundikwa ukutani. Nilijua ninachomwomba. Nilijua pia nitamwomba tu. "Anti, nisipopata hii naenda Ghuba mwisho wa mwezi."

"Mtoto wa dadangu yuko huko," akasema. "Tunamsikia kwa simu za watu." Akainuka, akaitungua leseni kwenye msumari, akaifunga ndani ya leso, akavaa buibui. Mteja aliyesukwa nusu kichwa akauliza yeye je. "Tulia hapo, narudi," Anti akamwambia, na sauti yake haikuwa ya mtu anayejua kama atarudi.

Kule Spring Valley tulikalishwa kwenye viti vya ngozi, sakafu inang'aa. Anti alikuwa amevificha viatu vyake chini ya kiti. Yule mama alipotutokea, Anti akasimama kama mshtakiwa.

"Mie ndiye niliyesema simjui," akasema. "Nilisema uongo. Nilidhani mnanitafutia makosa. Huyu kakaa kwangu miaka, hakuniibia hata kibanio cha nywele. Watu walikuwa wakija kwangu kwa ajili ya simu yake, si kwa ajili ya mikono yangu."

Mama wa kliniki alitabasamu, akatuletea chai. Akaandika jina la Anti na nambari ya kibanda. Akauliza, kwa wema tu, saluni ilikuwa na wafanyakazi wangapi. Anti akanitazama. Nami nikatazama chai.

"Watatu," akasema. "Pamoja na huyu."

Hayo nayo yakaandikwa. Kisha leseni ikalazwa mezani ikapigwa picha kwa simu. Ya faili tu, tuliambiwa. Anti aliitazama ile simu kama anayetazama mbwa asiyefungwa.

Nje ya geti akanishika mkono. "Ile picha inakwenda wapi?"

"Kwenye faili, Anti."

"Faili la nani?"

Sikujua. Nikamwambia hakuna shida, hawa ni watu wa meno, wana habari gani na kaunti. Nilisema haraka, kwa sauti ya mtu anayejua, na mwenyewe nilikuwa nikijiuliza vilevile.

Jioni ile nilipigiwa. Nimepata. Mama yangu alikaa kwenye kigoda jikoni akalia mpaka ugali ukaungua, nami nikalia naye. Kesho yake nilienda kwa wakala kuchukua pasipoti yangu, na wale wasichana wa koridoni wakanitazama, sikuweza kuwatazama.

Jumamosi ya kwanza ya kazi nilinunua tende nzuri, nikaenda Kenyatta Market kumshukuru Anti. Kibanda kilikuwa na kufuli. Viti vilikuwa vimeondolewa, na ukutani pamebaki msumari. Msusi wa jirani akaniambia Anti kahama mwenyewe, yuko Mombasa kwao, akaendelea kusuka. Zamani angenipa habari zote na nyongeza.

Nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena.

"Mwanangu," akasema. "Kazi inakwenda?"

"Inakwenda, Anti. Niko hapa kwako."

"Alhamdulillahi. Nakuombea kila sala." Akashusha sauti. "Wale watu wako, wameniulizia tena?"

"Hapana. Hawawezi, Anti. Yalikwisha siku ile."

"Haya. Lakini wewe usije hapo sokoni kwanza. Usiniulizie kwa majirani. Na lile jina langu ulitoe kwenye karatasi yako."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa nimevaa sare ya kliniki, kitambulisho shingoni, mfuko wa tende mkononi, na wanawake wa vibanda vya jirani wananisubiri niondoke. Hata mimi ningejiogopa.