Hasira ya Kabange

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kalemie hakuna mtu aliyeniogopa, na hilo liliniuma kuliko njaa. Dada yangu Kabange aliogopwa. Yeye na kaka yetu Kyungu walikuwa mapasa, yaani mapacha, na kwetu mapasa hawachezewi: ukimpa mmoja samaki, umpe na mwingine; ukimsalimu mmoja, usimpite mwenzake. Ukiwabagua, hasira ya aliyenyimwa, kasirani kama tunavyoiita, humwangukia mtu wa nyumba, akaugua. Mimi, msichana wa pili, nilizaliwa nyuma yao, peke yangu, nikabaki kuwatazama wakibembelezwa.

Papa, baba yetu, aliyefanya kazi bandarini, hakujali mambo hayo. Shule zilipokaribia kufunguliwa alimshonea Kyungu shati jeupe na kaptula ya bluu. Kabange aliachwa aanike ndagala, wale dagaa wa ziwani, pamoja na mama. Nkambo, mama yake Papa, aliyetoka Kiambi, alimwonya.

"Mapasa habagawanyiwe, mwana wangu. Ukimupeleka moya, umupeleke na mwenzake. Ao utaona."

"Mama, ile ni mambo ya zamani," Papa akajibu huku akifunga vifungo vya koti lake la abakosi.

Juma halijaisha, Kyungu akalala kwa homa. Muuguzi wa dispensari alisema ni malaria, akampa kinini. Homa ikashuka kidogo, ikapanda tena. Papa, mtu wa misa kila Jumapili, akaenda mwenyewe sokoni kununua kitambaa cha bluu, Kabange naye ashonewe sketi ya shule. Siku Kabange alipovaa sketi ile, Kyungu aliomba bugali. Mpaka leo sijui kilichomponya ni kinini au sketi, na Papa hakutaka kujaribu tena.

Lo, wivu ulivyonitafuna! Kabange alirudi mchana na chaki vidoleni, akasoma kwa sauti maandishi ya kopo la maziwa, polepole, ili nimsikie vizuri. Nilimchukia kwa kila neno. Nikajituliza kwamba zamu yangu itafika. Ilipofika, Papa alinitazama tu.

"Weye utasaidia mama yako. Bale babili banatosha."

Basi nikaiba pemba, ule udongo mweupe ambao Nkambo aliwapaka mapasa kila mwezi ulipoandama. Nikajizungushia machoni, nikaenda kusimama mbele ya Papa akinywa chai.

"Papa, miye niko na kasirani. Hii nyumba itagonjwa."

Alicheka mpaka chai ikampalia. "Pasa wa nani, weye?"

Mama naye akacheka. Nkambo akanifuta uso kwa pindo la kitenge chake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kabange peke yake hakucheka.

Kesho yake asubuhi hakuvaa sketi. Alikaa mlangoni, mikono magotini.

"Kabange, utachelewa," Papa akasema.

"Siendi. Niko na kasirani."

"Kasirani ya nini?"

"Ya mudogo wangu. Naye aende."

Papa akanyamaza. Kyungu, mfuko tayari begani, alimtazama pasa mwenzake, kisha akajishika paji la uso. Siku ile alikuwa mzima kama mbuzi, mwongo yule.

"Papa," akasema, "kichwa kinaniluma."

Juma lile lile nilishonewa sketi.

Leo mimi ni muuguzi. Napima watoto, nawafundisha mama zao kusoma karatasi za chanjo. Mama akiniambia homa ya mwanawe imetokana na hasira ya pasa, simcheki. Nampa dawa, kisha namuuliza kama yule pasa wa kike anasoma.

Kabange anafundisha shule huko Moba, na tunapendana sana. Lakini wivu haujaisha, nasema wazi. Kwa sketi namshukuru. Ninachomwonea wivu ni ile asubuhi ya mlangoni. Alisema ana kasirani, na mtu mzima akanyamaza. Mimi nilisema neno lile lile siku moja kabla yake, nikiwa na hasira kubwa kuliko yake, nikafutwa uso.