Saa Iliyoishinda Baridi ya Vuga

Shemeji yangu Fanueli alijifunza ufundi wa saa kwa kuziua. Simsengenyi, mwenyewe anajua. Mwaka tisini na moja kiwanda cha chai alikokuwa akipima majani kilipunguza watu, naye akarudi kwetu Vuga na godoro, redio na mikono miwili isiyo na kazi. Mkewe, dada yangu Esta, alikuwa na kishamba cha kabichi ambacho mbuzi mmoja angekimaliza kwa asubuhi moja.

Siku hizo saa za betri zilikuwa zimemwagika soko la Lushoto, zimetandazwa juu ya turubai pamoja na vitana na kandambili. Watu wakavua zile za kutia ufunguo walizozivaa tangu ujana, wakawapa watoto wachezee. Fanueli akapita nyumba kwa nyumba akiziomba. Alirudi na saa kumi na saba ndani ya kopo la maziwa, zote zimekufa.

Mwalimu hakuwa naye. Hamisi, fundi saa wa Mombo, alimwambia waziwazi kwamba ufundi haugawiwi kama ugoro. Basi akatandika barazani shuka jeupe la Esta, ambaye alinuna wiki nzima, akaanza kufungua moja baada ya nyingine. Kila kipande alichokitoa alikichora kwenye daftari kwa mpangilio wake. Tano za kwanza hazikuamka tena. Ya sita skrubu iliruka, tukatambaa sakafuni sote tukitafuta kitu kidogo kuliko chawa.

"Shemeji, mikono hiyo Mungu aliiumba kwa ajili ya jembe," nilimwambia. Shemeji ni mtani wangu, sikuona kosa.

Ya kumi na moja ilitembea. Ilikuwa Januari, jua kali, nami niko kwenye cherehani yangu. Alikuja mbio akanibandika saa sikioni, nikasikia inavyogonga. Kisha akaniomba mafuta ya cherehani. Mafuta yale nilikuwa nikiyaagiza Tanga, na chupa yake niliificha hata kwa mama yangu mzazi. Nikamnyima. Badala yake nikammiminia mafuta ya nazi, yale ya kujipaka nywele, kwenye kichupa cha dawa. Nikamwambia mafuta ni mafuta, tena haya yananukia. Naye akashukuru.

Kufikia Aprili alikuwa ameshafufua saa nne, ndipo Mzee Hezekia akamletea ya kwake. Mzee Hezekia ni mzee wa kanisa na ndiye mpiga kengele. Jumapili kijiji kizima huamka kwa saa yake. Saa ya betri aliikataa kwa sababu, alisema, ikitaka kufa haiagi. Kupewa saa ile kulikuwa mtihani. Ikitembea, kila mwenye saa kutoka hapa hadi Soni angemjia Fanueli. Isipotembea, nani tena angemwamini? Angeteremka Mazinde, kwenye joto la bondeni, kukata mkonge, na Esta angebaki na watoto na kabichi zake.

Ilitembea vizuri mpaka baridi ya Juni. Mzee huivua jioni na kuitundika msumarini ukutani. Sasa ikawa kila alfajiri anaikuta imesimama, na akishaivaa, ikifika saa nne inaamka yenyewe. Jumapili ya pili ya mwezi huo mchungaji aliwasili akakuta kanisa tupu na kengele haijalia. Watu walicheka sana, isipokuwa Mzee Hezekia.

"Mwanangu, ijaribu tena mpaka Jumamosi," alimwambia Fanueli akimrudishia. "Ikishindikana niambie tu, nitaipeleka Tanga. Sitakuchukia."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomuumiza. Aliifungua mara tatu na hakuona ubovu. Jumanne akaitia mfukoni, akateremka Mazinde kutafuta kazi.

Ijumaa asubuhi alibisha hodi kwangu, hata chai akaikataa.

"Kazi nimepata. Naanza Jumatatu," alisema, akaweka saa mezani. "Hii umpelekee Mzee Hezekia. Mimi siwezi kumtazama usoni."

"Imekufa tena?"

"Alfajiri hii. Na huko Mazinde imetembea usiku na mchana, msumarini vilevile. Nimepanda nayo mlimani, imekufa."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," nikamwambia.

Niliuona uso wake na nikajuta papo hapo. Kwa aibu nikajifanya nahangaika na nywele zangu. Mafuta yangu ya nazi yalikuwa yameganda chupani, meupe na magumu, kama yanavyofanya kila Juni. Nikaisogeza chupa karibu na jiko, huku nikinung'unika kwamba kitu cha pwani hakiijui baridi yetu.

Fanueli akaitazama chupa. Akaichukua, akaiinamisha. Upande ulioelekea moto ulikuwa umeanza kuyeyuka, upande wa pili haujasogea.

"Shemeji, haya ndiyo uliyonipa?"

"Ndiyo haya."

Akaikamata saa, akaishikilia juu ya jiko ndani ya kiganja chake. Tuliinama wote wawili, vichwa vikigusana. Haikupita dakika nyingi ikaanza kugonga.

Nilikaa chini. Sijawahi kufurahia kuwa na hatia namna ile. Mikono yake haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, na la uchoyo wangu. Nilitoa chupa ya mafuta ya cherehani mafichoni nikampa yote. Akaosha kila kipande kwa petroli, akapaka mafuta kwa ncha ya sindano, tone moja moja. Jumamosi tulikwenda pamoja kwa Mzee Hezekia, nikaungama kwa mdomo wangu mwenyewe. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaitundika saa msumarini.

Jumapili kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Tulisimama uani kabla hakujapambazuka sawasawa, Esta, Fanueli na mimi, tumejifunika mablanketi. Redio ya jirani ilipotangaza saa kumi na mbili na nusu, kengele ikalia. Esta akajifunika uso kwa kanga akalia, nami nikalia naye, maana akilini nilikuwa nimekwisha kuwaona wanawe wakikua bila baba nyumbani.

Fanueli alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Zile nne za mwanzo nazo nilizitengeneza sawasawa," alisema. "Kumbe nimekuwa fundi tangu Januari."

"Tangu Januari," nikamwambia, na sikuwa na utani wa kuongeza.