Wobbe Katikati ya Mabata

Jirani yangu Wobbe Hettinga alikuwa na hekta thelathini za majani chini ya tuta la bahari, hapa Friesland, na kila majira ya baridi mabata bukini walimlia majani hayo kabla ng'ombe wake hawajayaonja. Aliwaita "wapangaji wasiolipa."

Januari ile maji yote ya mashariki yaliganda, na mabata wakahamia kwetu kwa maelfu. Asubuhi moja Wobbe akaingia shambani na sufuria na mwiko ili awafukuze. Alipofika katikati, theluji ikamwingia kwenye buti. Akakaa juu ya hori la ng'ombe lililopinduliwa, akalivua buti hilo. Papo hapo kundi jipya likashuka, likamzunguka pande zote, likaanza kula.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, Baukje.

"Usisimame!"

"Kwa nini?"

"Niko juu ya tuta na watu wa darubini, wale watazama ndege. Wanasema karibu na mguu wako kuna bata adimu mwenye kifua chekundu. Ametoka Siberia!"

"Na mimi nimetoka nyumbani kwangu. Niko na soksi tupu, Baukje!"

"Wamefika kama sitini, Wobbe. Mmoja katoka Ubelgiji."

Basi akakaa. Saa nzima ikapita, mguu ukafa ganzi. Alipopiga chafya, watu sitini wakamnyamazisha kwa pamoja kutoka kule juu. Akampigia mkewe kumwambia ana njaa.

"Supu ya njegere nimeshawagawia wageni. Wanatetemeka, maskini."

"Na mimi je?"

"Wewe umezoea. Halafu hebu peleka kichwa kushoto kidogo, unamziba."

Hapo uvumilivu ukamwisha. Akasimama, akaigonga sufuria kwa nguvu zake zote. Mabata elfu tatu wakainua vichwa, wakamtazama, wakarudi kula. Hakuruka hata mmoja. Wobbe akapita katikati yao akichechemea, buti mkononi, nao wakampisha kwa uvivu kama watu wa kwenye foleni.

Juu ya tuta, yule Mbelgiji akamshika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Mzee, wewe ndiye uliyekuwa naye karibu kuliko sisi sote. Hebu tuambie, macho yake yakoje?"

Wobbe hakuwa amemtazama yule bata hata kidogo. Watu sitini wakamsubiri, kalamu mkononi.

"Ana dharau," akasema.

Wakaandika.